Kerneli ya ARM imegoma kuwaka: soma dalili kabla hujakompaili upya

Ukiwa umezoea kupaki (kutengeneza pakeji za) kerneli, kile kiini cha Linux, za x86 tu (prosesa za PC), ARM, prosesa za bodi ndogo na simu, itakunyoosha. Kule unatengeneza pakeji moja, unaiachia, inawaka kwenye laptopu ya 2008 na kwenye seva iliyotoka kwenye boksi jana. Huku kusema "nina kerneli ya ARM" ni sawa na kumwambia fundi "nipe plagi ya gari". Gari gani ndugu?

Mi nimepaki hizi kitu kwa muda sasa, za maboksi ya zamani ya NAS (hifadhi ya faili ya mtandao), za Raspberry Pi, za bodi za biti 64, na kosa ninaloliona sana (nami nimelifanya kuliko wengi) ni hili: kerneli imegoma, mtu anakimbilia menuconfig (menyu ya mipangilio ya kerneli), anabadilisha vitu vitatu kwa mpigo, anakompaili saa nzima, imegoma tena, anabadilisha vingine vitatu. Hajui hata nani aliyekataa. Na wa kukataa ni wanne tu, wanakuja kwa foleni: butiloda (programu inayoipakia kerneli), kerneli yenyewe, mfumo wa juu yaani init (programu ya kwanza kuendeshwa) na maktaba zake, halafu moduli (vipande vya kerneli vinavyopakiwa baadaye). Kila mmoja ana namna yake ya kukataa, ukishajua ni yupi basi hapo ndo unafungua konfigi, sio kabla.

Kwanza kebo ya siriali, halafu jua prosesa yako

Bila siriali (poti ambayo bodi inatolea maandishi yake) unapiga ramli. Adapta ya USB ya volti 3.3 (sio 5, utaunguza pini), waya tatu, GND na RX na TX, umemaliza. Spidi mara nyingi ni 115200, ila bodi nyingi za Rockchip zinatumia 1500000, kwahiyo ukiona takataka za herufi kwenye skrini usiseme kerneli imeharibika, badilisha spidi kwanza.

Kuhusu prosesa, kama bodi ina mfumo wowote unaowaka hata wa zamani, ingia uangalie /proc/cpuinfo. Lakini usiangalie mstari wa "CPU architecture" ukaamini. Raspberry Pi ya kwanza na Zero zinaandika pale 7, wakati ile ni ARM1176, ARMv6 kabisa. Watu wamepaki kerneli za v7 kwa sababu ya huo mstari mmoja. Angalia "CPU part": 0xb76 ni ARM1176, 0xc07 ni Cortex-A7, 0xc08 ni A8, 0xc09 ni A9, 0xc0f ni A15, 0xd03 ni A53, 0xd08 ni A72, 0xd0b ni A76. Hiyo namba haidanganyi.

Kwa ufupi familia ziko hivi. ARMv5, mfano maboksi yenye chipu za Kirkwood, kwa Debian yako chini ya lebo ya armel. ARMv6 ndo hizo Pi za mwanzo. ARMv7 ndo kundi kubwa, na ndani yake kuna wenye LPAE na wasio nayo, tutafika huko. ARMv8 kwenda mbele ni arm64. Hadi mwaka 2012 hivi kila familia ya chipu ilikuwa na kerneli yake, ikaja Linux 3.7 mwezi Desemba mwaka huo ndo ikaanza habari ya kerneli moja kwa chipu nyingi (na arm64 yenyewe iliingia kwenye toleo hilo hilo). Ila hiyo "moja kwa wote" ina ukuta wake: v6 na v7 zinaweza kukaa kwenye kerneli moja, v5 na v7 haziwezi, konfigi yenyewe itakukatalia. Na biti 32 na biti 64 ni kerneli mbili tofauti siku zote.

Butiloda inakataa: "Bad Linux ARM64 Image magic!"

Hii ni ya raha mana imeongea. U-Boot, butiloda ya bodi nyingi za ARM, ina amri tatu na kila moja ina chakula chake: bootz inakula zImage (kerneli ya biti 32 iliyobanwa), booti inakula Image ya arm64 (isiyobanwa), bootm inakula uImage (kerneli yenye kichwa cha U-Boot) au FIT (kifurushi cha U-Boot). Ukikosea sahani utaona moja ya hizi:

Bad Linux ARM64 Image magic!
Bad Linux ARM zImage magic!
Wrong Image Format for bootm command

Ya kwanza mara nyingi ni kwamba pakeji yako imeweka Image.gz badala ya Image. Kwenye arm64 kerneli haijifungui yenyewe kama zImage ya biti 32, ni butiloda ndo inatakiwa kuifungua. U-Boot za karibuni zinaweza, ila lazima uwe umeseti kernel_comp_addr_r na kernel_comp_size, za zamani haziwezi kabisa. Na ukitumia make bindeb-pkg (inayotoa pakeji za .deb) kwa arm64 ujue inapaki Image.gz, hata kama jina litakalotokea kwenye /boot ni vmlinuz tu. Andika "file vmlinuz-..." utaona ni gzip. Kama butiloda ni ya zamani ifungue kwenye skripti ya postinst (inayoendeshwa baada ya kusakinisha), basi.

Kwa maboksi ya zamani ya bootm kuna ero nyingine inatokea mapema zaidi, ukiwa bado unakompaili. Ukiandika make uImage kwenye kerneli ya chipu nyingi inakwambia kuna anuani nyingi za kupakia au hamna kabisa, na hiyo haipatani na uImage, taja LOADADDR. Ni kweli kabisa, uImage inabeba ndani yake anuani moja ya RAM, na kerneli ya chipu nyingi haijui RAM ya bodi yako inaanzia wapi. Kwahiyo uImage usiifanye kuwa sehemu ya pakeji ya pamoja. Paki zImage, halafu mkimage (inayotengeneza uImage) iendeshwe kule kule kwenye bodi wakati wa kusakinisha. Na kama butiloda ni kongwe kiasi cha kutojua DTB ni nini (faili linaloielezea kerneli vifaa vya bodi), unaibandika mkiani kabla ya mkimage:

cat zImage bodi-yangu.dtb > zImage-dtb

hapo kerneli iwe na CONFIG_ARM_APPENDED_DTB, na kama unataka ipokee RAM na mstari wa amri kutoka kwa butiloda ya kizamani weka na CONFIG_ARM_ATAG_DTB_COMPAT. Angalia pia nafasi, kuna maboksi ya Kirkwood ambayo sehemu ya kerneli kwenye flashi ni MiB 2 tu, na kerneli za siku hizi zinanenepa kila toleo. Weka cheki ya ukubwa kwenye skripti ya kupaki, ikipita ife pale pale, sio ukaandike kwenye flashi ya mtu nusu kerneli.

"Starting kernel ..." halafu kimya

Hii ndo mama yao. U-Boot inasema Starting kernel, nukta tatu, halafu hamna kitu, na we umekaa unaangalia skrini kama unasubiri majibu ya mtihani. Chanzo kinaweza kuwa hata sita, ila vina mpangilio wa kuvijaribu, anza na rahisi.

Kwanza, huenda kerneli imewaka vizuri tu ila inaongea na poti nyingine. Konsoli haina jina moja: ttyS0 kwa wengi, ttyAMA0 kwa wenye siriali ya PL011, ttymxc0 kwa i.MX, ttySAC kwa Samsung. Ukiwa umenakili mstari wa amri kutoka bodi nyingine, kerneli inaongea peke yake gizani. Njia ya haraka: ongeza neno earlycon peke yake kwenye bootargs (mstari wa amri wa kerneli), bila anuani. Kama DTB imetaja stdout-path, kerneli itajitafutia poti yenyewe na utaanza kuona mistari ya kwanza kabisa. Ukiona mistari inakuja halafu inakatika katikati baada ya sekunde moja hivi, hiyo mara nyingi ni earlycon imezimwa na konsoli ya kweli haikushika, kwahiyo tatizo ni console= au draiva ya siriali iko kama moduli. Draiva ya siriali isiwe moduli jamani.

Pili, DTB. Kerneli ya chipu nyingi bila DTB ni kipofu, haijui RAM iko wapi wala siriali iko wapi, na haina hata namna ya kulalamika. Hapa kuna mtego ambao uliniingia vizuri. Kuanzia Linux 6.5 faili za dts (sosi za DTB) za biti 32 zilihamishwa kwenda kwenye folda za watengenezaji, yaani zilizokuwa zote zimelundikana arch/arm/boot/dts sasa ziko ndani ya broadcom, nxp/imx, na kadhalika (arm64 ilikuwa hivyo tangu zamani). Skripti yangu ya kupaki ilikuwa na mstari huu:

cp arch/arm/boot/dts/*.dtb $DEST || true

Unaona hiyo || true? Niliiweka mwenyewe miaka ya nyuma kwa uvivu. Toleo la 6.5 likaja, cp haikupata kitu, skripti ikanyamaza kama nilivyoiambia, pakeji ikatoka haina DTB hata moja na bodi zote zikawa kimya baada ya kuapdeti. Ukitumia make dtbs_install INSTALL_DTBS_PATH=... huhangaiki na hilo, mana kwa biti 32 walihakikisha inatoa faili bila folda kama zamani, makusudi wasivunje skripti za watu. Kwahiyo itumie hiyo, usinakili kwa mkono. Na funga pakeji kwa kuhesabu: kama idadi ya .dtb ndani ni sifuri, isitoke.

Tatu, LPAE. Hapa ndo neno "ARMv7" linapodanganya watu. Cortex-A7, A15 na A17 zina LPAE, inayowezesha 32 biti kufikia RAM zaidi ya GB 4. Cortex-A5, A8 na A9 hazina. Kerneli yenye CONFIG_ARM_LPAE ukiiweka kwenye A9 haiwaki kabisa, sio kwamba itawaka polepole au itapuuza RAM ya ziada, haiwaki. Ndo mana Debian wana pakeji za kerneli armmp na armmp-lpae mbalimbali, sio mapambo. Kwenye mfumo unaowaka, andika "grep lpae /proc/cpuinfo", kama hamna jibu basi pakeji ya lpae usiiguse. Ukweli ni kwamba kerneli ina ujumbe mzuri kabisa wa hili, unasema "Kernel with LPAE support, but CPU does not support LPAE", na mwingine wa "unrecognized/unsupported processor variant" na namba ya prosesa, na wa tatu wa DTB mbovu. Lakini hizo zote zinaonekana tu kama umewasha CONFIG_DEBUG_LL, vinginevyo inazunguka kimya mpaka uchomoe umeme.

Sasa hiyo DEBUG_LL ndo sababu ya nne, na inakera kweli. Ukiiwasha unachagua anuani ya siriali ya chipu moja, inakaa imegandishwa ndani ya kerneli. Ni nzuri kwa kutafuta tatizo kwenye bodi iliyo mezani. Lakini ukiisahau ndani ya konfigi halafu ukapaki na kusambaza, kerneli itawaka kwenye chipu hiyo moja tu, kwingine kote itajaribu kuandika kwenye anuani ambayo haina siriali na inafia hapo, kabla ya kitu kingine chochote. Nimewahi kupoteza jioni mbili hivi, kerneli inawaka safi kwangu, mtu mwingine mwenye bodi ya chipu tofauti anasema imekufa, mi namwambia angalia kebo, angalia kadi, angalia umeme. Kumbe mimi. Tangu siku hiyo skripti yangu inafanya grep ya CONFIG_DEBUG_LL=y kwenye .config na ikiikuta inagoma kupaki.

Tano, kukanyagana kwenye RAM. Dalili yake ni ya pekee: kerneli ya zamani inawaka, mpya iliyonenepa kidogo haiwaki, na hujabadilisha chochote cha maana. zImage ikijifungua inakwenda kukaa karibu na mwanzo wa RAM, na kama skripti ya buti imeweka DTB au initrd (mfumo mdogo wa kuanzia) hapo karibu, kerneli iliyofunguka pamoja na BSS yake (nafasi ya vigezo) inaifunika. Fanya "size vmlinux", jumlisha, linganisha na fdt_addr_r na ramdisk_addr_r. Sogeza juu. Na zImage yenyewe iwe ndani ya MiB 128 za mwanzo za RAM, ikiwezekana juu ya MiB 32 ili isihitaji kujihamisha kwanza. Kwa arm64 sheria ni nyingine, DTB isizidi MB 2 na ianze kwenye anuani inayogawanyika kwa 8.

Ya sita ni kwamba umeweka v7 kwenye v6, au v6 kwenye v5. Hiyo haina ushairi, rudi kwenye CPU part.

Kerneli imewaka, imeandika mistari mia, halafu panic

Hapa furahi kidogo. Kerneli ni nzima, aliyekataa ni mfumo wa juu. Soma namba mwishoni mwa mstari:

Kernel panic - not syncing: Attempted to kill init! exitcode=0x00000004

Hiyo 4 ni namba ya signali, SIGILL, maana yake init ilijaribu maelekezo ambayo prosesa haiyajui. Ikiwa 0x0000000b hiyo ni 11, SIGSEGV, stori tofauti. Kwa ya 4, chanzo namba moja ni neno armhf. Debian wakisema armhf wanamaanisha ARMv7 na VFPv3-D16 (VFP ni kitengo cha hesabu za desimali). Raspbian wakisema armhf wanamaanisha ARMv6 na VFPv2, ili iende kwenye Pi za mwanzo. Lebo ile ile kwenye pakeji, vitu viwili tofauti ndani. Ukichukua mfumo wa Debian armhf ukauweka chini ya kerneli yako nzuri ya v6 kwenye Pi Zero, kerneli itawaka vizuri na init itakufa kwenye maelekezo yake ya kwanza ya v7, na lawama zote zitakuja kwako we uliyepaki kerneli.

Chanzo cha pili ni NEON (maelekezo ya kufanya hesabu nyingi kwa mpigo). Sio kila v7 inayo, Tegra 2 ni Cortex-A9 na haina. Debian armhf haihitaji NEON ndo mana inaenda kule, ila mtu akikompaili programu zake kwa -mfpu=neon zitakufa hivyo hivyo.

Ukiona badala yake "Failed to execute /init (error -8)", hiyo minus 8 ni ENOEXEC: faili sio la prosesa hii, mara nyingi initrd ya arm64 chini ya kerneli ya biti 32, au initrd ya armhf chini ya arm64 isiyo na CONFIG_COMPAT (uwezo wa kuendesha programu za biti 32). Ikiwa ni error -2 na faili lipo unaliona kwa macho yako, basi kinachokosekana sio faili bali loda yake. Programu ya hardfloat (inapitisha desimali kwa VFP) inatafuta ld-linux-armhf.so.3, ya softfloat (bila VFP) inatafuta ld-linux.so.3. Na hapo nitoe dukuduku: watu wanauliza sana "kerneli yako ni hardfloat au softfloat?" Kerneli haijali. Yenyewe haitumii desimali kwenye kazi zake za kawaida, hiyo ni habari ya mfumo wa juu. Unaweza kukompaili kerneli ya v7 kwa arm-linux-gnueabi- au kwa gnueabihf- na zote zitawaka.

Kama panic ni ya kutopata mzizi, au iko pale pale kwenye "Waiting for root device /dev/mmcblk0p2...", jaribu PARTUUID badala ya mmcblk0, mana kadi iliyokuwa 0 kwenye kerneli ya jana inaweza kuwa 1 leo. Halafu angalia initramfs (ile ile initrd) ilitengenezwa wapi. MODULES=dep ndani ya chroot kwenye laptopu inaweka draiva za laptopu. Unajikuta initramfs haina draiva ya MMC (kadi) wala ya PMIC (chipu ya umeme), na bila PMIC kadi haipati umeme. Weka MODULES=most kwa pakeji za kusambaza.

"Nimesakinisha mpya lakini uname -r inaonyesha ya zamani"

Hii ni ya Raspberry Pi zaidi. Femwea yake ndo inachagua faili kwa jina: kernel.img kwa ARMv6, kernel7.img kwa Pi 2 na 3, kernel7l.img kwa Pi 4 ikiwa biti 32 (hiyo herufi l ni LPAE), kernel8.img kwa biti 64, na Pi 5 inatafuta kernel_2712.img kwanza. Ukipaki kernel7.img ukaweka kwenye Pi 4, faili lako limekaa tu pale, femwea haijaligusa, inawasha lingine.

Ikaja na utata mwingine mwaka 2023, Raspberry Pi OS ya biti 32 ikaanza kuwaka na kerneli ya biti 64 kwenye Pi 4. Mfumo wa juu bado ni armhf, kerneli ni aarch64. Kila skripti iliyokuwa inauliza uname -m ili ijue ipakue nini ikaanza kupakua vitu vya arm64 kwenye mfumo wa armhf. Tumia dpkg --print-architecture kwa ajili ya programu, na uname -m kwa ajili ya moduli tu, mana ni maswali mawili tofauti. Ukitaka kurudi biti 32 kabisa, arm_64bit=0 kwenye config.txt.

Moduli zinakataa: "version magic ... should be ..."

modprobe itakwambia Exec format error, ambayo haisemi kitu. Fungua dmesg:

version magic '6.6.31-v7 SMP mod_unload modversions ARMv7 p2v8' should be '6.6.31 mod_unload modversions ARMv6 p2v8'

Isome neno kwa neno kama risiti. Toleo, SMP (prosesa nyingi) ipo au haipo, ARMv7 dhidi ya ARMv6. Ikiwa tofauti ni hapo kwenye ARMv basi umekompaili kwa headers (faili za kerneli za kukompailia moduli) za aina nyingine, usijaribu kulazimisha kwa modprobe -f, hiyo ni kujitafutia matatizo.

Chanzo cha huu mkanganyiko kwa mpakiaji ni kutokuweka LOCALVERSION (mkia wa jina la toleo). Ukikompaili v6, v7 na v7 ya lpae zote zikiitwa 6.6.31, zote zitaweka moduli /lib/modules/6.6.31 na pakeji zote zitaitwa linux-image-6.6.31, ya mwisho inafuta ya kwanza, na initramfs inabeba mchanganyiko. Kila aina ipewe mkia wake kwenye CONFIG_LOCALVERSION, -v6, -v7, -v7l, chochote ila kisifanane. Na kile kijumlisha (+) kinachojitokeza mwishoni kinatokana na git, ukiandika LOCALVERSION= tupu kwenye amri ya make kinaondoka.

Kwa headers kuna ero nyingine maarufu, mtu anasakinisha linux-headers zako kwenye bodi, anajaribu kukompaili moduli, anapata:

scripts/basic/fixdep: Exec format error

Umekompaili kwenye laptopu ya x86, kwahiyo vile vijiprogramu ndani ya scripts/ (fixdep, modpost) ni vya x86, na umevipaki ndani ya pakeji iliyoandikwa armhf. Njia ni mbili, aidha upaki headers kwenye bodi yenyewe au ndani ya qemu (kiigizaji cha prosesa), au mtumiaji aendeshe make modules_prepare pale kwenye bodi, ila hapo atahitaji sosi nzima.

dpkg yenyewe inakataa

Huyu sikumhesabu kule mwanzo. "package architecture (armhf) does not match system (armel)". Umekompaili kerneli ya Kirkwood, ARMv5, na bindeb-pkg ikaiandika armhf. Inaamuaje? Inaangalia kama konfigi ina CONFIG_VFP, ikiwepo inasema armhf, isipokuwepo armel. Ni kubahatisha tu, na ukichukua konfigi ya pamoja ya v5 yenye VFP inabahatisha vibaya. Usiizime VFP kwa ajili ya lebo, mwambie mwenyewe:

make ARCH=arm CROSS_COMPILE=arm-linux-gnueabi- KBUILD_DEBARCH=armel bindeb-pkg

Na hizo ARCH na CROSS_COMPILE zi-export mara moja mwanzo wa kikao. Ukizisahau kwenye amri moja tu, hata make olddefconfig peke yake, .config yako inageuzwa kuwa ya x86 bila kelele, na ukiwa umesahau ARCH ila CROSS_COMPILE umeweka, kompaila itakwambia haitambui '-m64'. Hapo usianze kurekebisha Makefile, rudisha .config kutoka kwenye bakapu. Ikilalamikia '-mlittle-endian' ni kinyume chake, ARCH=arm64 umeweka ila CROSS_COMPILE umesahau.

Kila kitu kinawaka, ila programu fulani inakufa

Hii ni ya arm64 tu na inatokana na ukubwa wa peji (kipande cha RAM kerneli inachogawa). Kerneli ya Pi 5 inatumia peji za KB 16. RHEL (Linux ya Red Hat) 8 ya aarch64 ilikuwa ya KB 64, RHEL 9 wakarudi KB 4 na kuweka kernel-64k kama pakeji ya pembeni. Programu nyingi hazijali. Zinazojali zinakufa hivi:

<jemalloc>: Unsupported system page size
ELF load command alignment not page-aligned

Ya kwanza ni programu iliyokompailiwa na jemalloc (maktaba ya kugawa RAM) ikidhani peji ni KB 4 milele. Ya pili ni faili lililounganishwa kwa mpangilio wa KB 4. Andika getconf PAGESIZE, ukipata 16384 au 65536 basi umeshampata mchawi. Jua pia kwamba CONFIG_COMPAT kwa kawaida inataka peji za KB 4, kwahiyo kerneli ya KB 64 itakuwa imewanyima watu programu zao za biti 32 bila kuwaambia. Na swapu: sehemu ya swapu iliyotengenezwa chini ya kerneli ya KB 64 haisomeki na ya KB 4, swapon itasema haioni sahihi ya swapu, na mkswap upya inatosha.

Kwenye Pi 5, kernel=kernel8.img ndani ya config.txt inarudisha KB 4 bila kukompaili chochote. Ndo mana mi pakeji za Pi 5 naweka zote mbili ndani, na ya KB 16 naipa mkia -16k kwenye LOCALVERSION, ili mtu akinitumia logi niione kwenye mstari wa kwanza.